Vumbi la Mbegu

Kabonga ni kijiji cha mpakani. Ukitoka Rumonge unafuata barabara ya ziwa Tanganyika kwenda kusini, unaipita Nyanza-Lac, unaendelea mpaka ardhi ya Burundi inakaribia kukwisha. Mbele yako ni Kagunga, Tanzania. Mkono wa kulia, ng'ambo ya maji, ni milima ya Kongo. Mizigo haikai hapa. Boti hushusha na kupakia mawese, ndagala wakavu, unga wa muhogo, sabuni, vitenge, magunia ya maharage.

Kuna siku mzigo ulikuwa watu. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalianzia mwambao huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, kisha yakaja mauaji yaliyoienea nchi nzima. Wenyeji walikimbilia Kigoma, wakapelekwa Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Waliorudi, wengi walirudi baada ya miaka zaidi ya 30, na Kiswahili chao kikiwa cha Tabora na Mpanda. Mei 2015 njia ikawa ileile: makumi ya maelfu walijazana ufukweni Kagunga wakiisubiri meli Liemba iwapeleke Kigoma.

Katika safari zote hizo umekuwamo mzigo mmoja ambao hakuna karani wa forodha aliyepata kuuandika. Umo katika vumbi lililong'ang'ania ganda la haragwe. Mtu akifunga mbegu zake kwenye kanga, akavuka maji, akazipanda kwingine, amewavusha na bakteria wa shamba lake la kwanza. Mwaka 1998 watafiti wa Mexico walichapisha ushahidi kwamba mbegu za maharage hubeba juu ya ganda lake bakteria hai aitwaye Rhizobium etli. Wakaona kwamba hiyo huenda ndiyo njia iliyomtoa bakteria huyo Amerika, nyumbani kwa haragwe, hadi mabara mengine. Haragwe si mwenyeji wetu. Lilikuja na meli za Wareno na wenzao, likapanda bara mkono kwa mkono, hata leo Burundi na Rwanda zikawa miongoni mwa nchi zinazolila kwa wingi kuliko karibu zote duniani. Inaelekea mwenzake wa mizizini alikuja naye, bila nauli.

Kazi ya mwenza huyo ni hii. Hewa tunayoivuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani, kama vile mvuvi hawezi kumla samaki akiwa bado ziwani. Lazima kwanza ivunjwe na kuunganishwa upya. Bakteria wa kundi hili huingia kwenye unywele wa mzizi wa mmea wa jamii ya kunde, mmea unawajengea kinundu, unawalisha sukari, nao wanaupa nitrojeni iliyokwisha kupikwa. Mkulima anayeng'oa mche na kukuta vinundu anaweza kudhani ni ugonjwa, na hana kosa. Hata wasomi wa Ulaya waliviona vinundu hivyo kwa karne kadhaa wasijue ni vya nini.

Kujua kwao kulichelewa kwa sababu ya usafi. Mwaka 1838 Mfaransa Boussingault alipima klova na njegere, akaona zinaongeza nitrojeni hata katika udongo usiokuwa nayo. Ngano haikufanya hivyo. Basi huko Rothamsted, Uingereza, Lawes, Gilbert na Pugh wakaamua mwaka 1857 kulimaliza jambo hilo kwa jaribio lisilo na doa. Waliuchoma udongo motoni ili kisibaki chochote cha kuwapotosha, wakapanda mimea yao ndani ya vioo. Njegere hazikuongeza kitu. Wakatangaza kwamba mmea hauchukui nitrojeni ya hewani, na kwa kuwa walikuwa watu makini, dunia iliwaamini kwa miaka karibu 30. Kumbe walikuwa wamemchoma moto mfanyakazi, kisha wakashangaa kazi haiendi. Katika historia yote hii sijui kosa linalonivutia kuliko hilo, kwa sababu lilifanywa na mikono safi kabisa.

Aliyeuona ukweli ni Hellriegel, Mjerumani wa Bernburg, pamoja na mwenzake Wilfarth. Walipanda shayiri na njegere katika vyungu vya mchanga mtupu. Shayiri ilikuwa mtiifu: ukiipa nitrojeni kidogo inakua kidogo, ukiipa nyingi inakua sana. Njegere zilikuwa na vituko. Chungu kimoja zinakufa kwa njaa, cha pili, kilichotunzwa vilevile, zinastawi kana kwamba zimemwagiwa samadi. Mtafiti mwingine angesema jaribio limeharibika, akatupa vyungu. Wao waliikagua mizizi: zilizostawi zina vinundu, zilizokufa hazina. Wakauchemsha mchanga ili kuua kila kiumbe, kisha baadhi ya vyungu wakavitilia maji kidogo yaliyokorogwa na udongo wa shamba. Njegere za vyungu hivyo zikaamka. Hellriegel alilitangaza jambo hilo Berlin mwezi Septemba 1886, katika mji uleule ambamo mwaka mmoja na nusu nyuma yake mataifa ya Ulaya yalikuwa yamemaliza mkutano wao juu ya Afrika. Mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck alifanikiwa kumtenga bakteria mwenyewe na kumkuza peke yake.

Kuanzia hapo hadithi inaacha kuwa ya ugunduzi, inakuwa ya uchukuzi.

Mwaka 1896 Wajerumani Nobbe na Hiltner walianza kuuza bakteria hao wakiwa ndani ya chupa, kwa jina la Nitragin, kazi ya kutengeneza ikifanywa na kiwanda cha kemikali cha Höchst. Mwaka huohuo wa 1896 jeshi la Wajerumani lilifungua kituo chake Ujiji, na mwaka uliofuata wakaanzisha kingine Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Bunduki zilifika Tanganyika salama. Chupa, hata mashambani kwa Wajerumani wenyewe, hazikufika salama: mwanga na joto viliwaua waliokuwamo, na mkulima aliishia kupaka mbegu zake maiti. Bidhaa ikapata sifa mbaya.

Wamarekani nao wakaingia shimo lilelile kwa mlango mwingine. Mtaalamu wa wizara yao ya kilimo, George Moore, alibuni kuwakausha bakteria juu ya pamba, akaipatia hataza mbinu hiyo. Vifurushi vilitumwa kwa wakulima kwa posta, bure, kwa shangwe kubwa ya magazeti. Vilipochunguzwa, vingi havikuwa na kiumbe hai ndani yake. Mwaka 1905 Moore alijiuzulu. Watu wakajifunza kwa gharama kubwa kwamba mbolea hii, tofauti na chumvi ya gunia, inapumua, na kwamba kilichokosekana hakikuwa bakteria bali chombo cha kumbebea. Ndipo ikaja mboji nyeusi ya kwenye vinamasi, iliyosagwa na kuwekewa unyevu, ambamo bakteria anaweza kuishi miezi kadhaa ikiwa hapigwi na jua.

Wakati huo huo Wajerumani walipata njia nyingine isiyohitaji kiumbe. Fritz Haber alionyesha, na Carl Bosch akajenga, namna ya kuilazimisha nitrojeni ya hewani kwa joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo mkubwa mno. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913. Tangu hapo mbolea ya gunia ilikuwa na kila kitu ambacho bakteria hana: inahesabika, inarundikwa, inavuka bahari isife. Ina upungufu mmoja tu, nao ni mkubwa kwa mtu wa Kabonga. Lazima inunuliwe kila msimu, na Burundi haina bandari ya bahari, kwa hiyo bei yake inapanda kwa kila kilomita kutoka pwani.

Afrika Mashariki iliingia katika kazi hii kwa njia ya soya. Soya ilijaribiwa Amani, milima ya Usambara, mwaka 1907, enzi ya Wajerumani. Ni mmea mchaguzi. Haragwe linakubali kushirikiana na bakteria wengi, kunde na karanga zinapokewa karibu kila mahali na wenyeji waliomo ardhini, lakini soya inataka mwenza wake wa Asia, na udongo wetu hauna. Bila yeye inakaa ya njano, inasikitisha. Wanasayansi waligawanyika namna ya kulitatua. Wale wa taasisi ya IITA, Ibadan, kuanzia miaka ya 1970 walizalisha soya isiyo na makuu, inayokubali bakteria wa Kiafrika, mbegu zake zikiitwa TGx, ili mkulima asihitaji kununua chochote. Wengine, hasa waliotazama Brazil na Rhodesia, walishikilia kwamba bakteria bora atengenezwe na apelekwe. Kule Marondera, Rhodesia, kiwanda kidogo cha serikali kilianza kuwatengeneza katika miaka ya 1960, na Zimbabwe huru ikakirithi. Brazil, ambako Johanna Döbereiner alishindania hoja ya bakteria dhidi ya mbolea ya gunia, ilijenga kilimo chake cha soya kwa nitrojeni ya hewani. Nikipima pande mbili, naona wa Ibadan walikuwa na huruma zaidi na wa Brazil walikuwa na mavuno zaidi. Hata TGx yenyewe, ikipakwa bakteria wazuri, mara nyingi huzaa kuliko ikiachwa.

Nairobi ilianza mwaka 1977. UNESCO ilikuwa inaanzisha vituo vya rasilimali za vijidudu duniani, vikiitwa MIRCEN, na kimoja kikawekwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, chini ya Profesa Shellemiah Keya. Baadaye kiliongozwa na Profesa Nancy Karanja. Hapo ndipo ilipozaliwa Biofix, pakiti ya bakteria. Kenya haikuwa na mboji ya vinamasi ya kutosha na kufaa, kwa hiyo wakachukua tope linalobaki viwanda vya sukari vikishachuja juisi ya miwa, wakalikausha, wakalisaga, wakaua vijidudu vyote kwa mvuke, kisha wakamkaribisha bakteria mmoja tu wamtakaye. Takataka ya kiwanda ikawa nyumba. Pamoja na pakiti hutolewa gundi ya mti wa mgunga, ili unga ushikamane na mbegu. Kipimo chake ni kama gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu. Unalowesha mbegu kwa maji ya gundi au ya sukari, unachanganya kivulini, unapanda siku hiyohiyo na kufukia mara moja.

Kwa miaka zaidi ya 20 Biofix ilibaki mali ya chuo, ikitengenezwa kidogo na kuuzwa kidogo, hadi mwaka 2008 kampuni ya MEA ilipopewa leseni ya kuizalisha kibiashara huko Nakuru. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilitengeneza yake, na Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kilikuwa na Nitrosua. Rwanda ilianza kuzalisha katika miaka ya 1980 kwenye kituo cha utafiti cha Rubona, karibu na Butare. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya 1994. Kituo ambacho watu wake wameuawa au kukimbia hakina wa kuwasha jokofu, na bakteria wa maabara hawana subira.

Burundi ilikuwa imetangulia kuingia vitani, Oktoba 1993, na vita vile vilidumu zaidi ya mwaka 2000. Taasisi yake ya utafiti wa kilimo, ISABU, iliyoanzishwa mwaka 1962 juu ya misingi iliyoachwa na Wabelgiji, ilipita humo ikiwa hai, lakini huo haukuwa wakati wa kuhudumia kiumbe kinachotaka umeme usiku na mchana.

Amani iliporudi ikaja N2Africa, mradi mkubwa wa aina hii barani, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, pamoja na IITA, kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates. Ulianza mwaka 2009 na kufungwa 2019. Miongoni mwa nchi 8 za mwanzo zilikuwemo Rwanda na Kongo; awamu ya pili ikaingia Tanzania. Tazama sasa ramani ukiwa umesimama Kabonga: kaskazini ya nchi yako mradi ulikuwapo, ng'ambo ya ziwa ulikuwapo, Tanzania ulikuwapo. Burundi haikuwemo. Sidai kwamba kulikuwa na nia mbaya. Miradi ina mipaka yake, na miungano mingine ya utafiti ilifanya kazi Burundi juu ya migomba, mihogo na mikunde. Lakini ndivyo ilivyo bahati ya nchi ndogo katika orodha ndefu.

Kutoka N2Africa nimependa jambo moja kuliko takwimu zake zote. Ken Giller, aliyeuongoza, na wenzake waliandika mavuno ya mmea wa kunde kama hesabu ya kuzidisha: aina ya mbegu, mara aina ya bakteria, mara mazingira, mara utunzaji wa mkulima. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata vingine viwe vizuri namna gani. Bakteria bora kuliko wote, akipandwa kwenye udongo wenye tindikali kali na usio na fosforasi, hana la kufanya. Hapa mwambao una nafuu kidogo. Ardhi ya Imbo, bondeni kando ya ziwa, kwa kawaida si kali kama ya milima ya juu ya Burundi, ambako chokaa inatangulia kila kitu.

Na kulikuwa na ulaghai wa kuondoa. Neno bakteria lilipopata soko, madukani zilijaa chupa na pakiti zinazoahidi kila kitu kwa kila zao. Mradi mwingine, COMPRO, ulizijaribu makumi ya bidhaa hizo maabara na mashambani, Kenya, Ethiopia na Nigeria. Nyingi hazikufanya kilichoandikwa juu yake. Zilizosimama zilikuwa chache, na miongoni mwao ni zile za soya, kazi ya Hellriegel na Beijerinck. Bakteria wengine wapo na wanasaidia kweli: wapo wanaoishi pembezoni mwa mizizi ya mahindi na mpunga bila kujenga kinundu, wakiurefusha mzizi kwa homoni zao au kuifungua fosforasi iliyokwama. Azospirillum, ambaye Döbereiner alimpigia debe katika miaka ya 1970, anauzwa leo Brazil na Argentina. Lakini hao hawafungi ndoa na mmea. Ni majirani, na jirani anaweza kuhama.

Kwa haragwe, ambalo ndilo chakula cha Kabonga, kuna mkasa wa ziada. Kwa soya, bakteria mgeni anafika kwenye nyumba tupu. Kwa haragwe anakuta wenyeji maelfu ndani ya udongo, wale waliokuja karne zilizopita kwenye vumbi la mbegu, wamezoea joto na ukavu wa hapa, na wengi wao ni wavivu. Wanauwahi mzizi, wanajenga vinundu vingi vidogo, wanakula sukari, wanatoa nitrojeni kidogo. Mgeni hodari anabaki nje ya mlango. Ndiyo maana majaribio ya kupaka maharage yametoa majibu yanayoyumba kotekote, shamba moja likisifu, la pili likilaani. Watafiti wa CIAT, Colombia, wana bakteria wao maarufu, CIAT 899, mvumilivu wa tindikali na joto, anayetumika sana, lakini naye hashindi kila pambano. Njia inayonipa matumaini zaidi ni ya kutafuta hodari miongoni mwa wenyeji wenyewe: kukusanya vinundu mashambani, kuwapima mmoja mmoja, kumkuza aliye bora na kumrudisha kwao.

Kwa sasa pakiti ingefikaje Kabonga? Ya Nakuru ingeshuka Kigoma kisha ipande boti, juani, kando ya mitungi ya mafuta, mpaka duka lisilo na jokofu, isubiri mvua za msimu A, ule wa kwanza wa kilimo, zinazoweza kuchelewa. Huenda ikafika imekufa kama chupa za Höchst. Tangu 2019 kiwanda cha FOMI kinatengeneza nchini mbolea za Imbura, Totahaza na Bagara, zinazovumilia gulio na stoo. Mkulima akipewa hiari kati ya gunia linalosubiri na pakiti isiyosubiri, simlaumu akichagua gunia, kama lipo.

Lakini kupima hakuhitaji duka. Maharage yakianza kutoa maua, chimba mche mmoja kwa jembe, taratibu, usiuvute, maana ukiuvuta vinundu vinabaki chini. Suuza mzizi ziwani. Chagua kinundu kikubwa kuliko vyote, kipasue kwa ukucha. Kikiwa cheupe au kijani ndani, mpangaji halipi kodi. Kikiwa chekundu, kazi inaendelea: rangi hiyo ni ndugu wa damu yetu, kitu kilichotambuliwa na Mjapani Kubo mwaka 1939, kinachoshika oksijeni ili bakteria wasikose hewa wala kuzidiwa nayo. Mche wenye vinundu vyekundu vingi, ufungie uzi. Mbegu zake ziwekwe kopo la peke yake, zisitiwe dawa ya unga, na zisioshwe.